Usiku Mmoja wa Ndugu Yangu

Kitu kilichotakiwa kilikuwa kidogo sana. Ndugu yangu mkubwa alitakiwa alale usiku mmoja katika nyumba yake, kwenye boma la baba yetu, basi. Akishalala na kuamka, mimi ningekuwa huru kutoka pale na mke wangu na watoto, nikaanzishe boma langu mwenyewe juu kidogo kwenye mteremko, mahali ambapo unaliona ziwa lote mpaka visiwani. Usiku mmoja. Ulimeza karibu ujana wangu wote, na hata tulipoupata, wako wazee ambao mpaka leo wanasema haukuwa usiku.

Kwetu sisi watu wa ziwa, wana wa mtu mmoja hawarukani. Mkubwa hujenga kwanza simba yake, ile nyumba ndogo ya kijana karibu na lango, kisha anayemfuata hujenga yake. Mkubwa huoa kwanza, na mkubwa hutoka kwanza kwenda kuanzisha boma lake. Ukimruka, watu hawatakupiga wala hawatakushtaki. Watangoja tu. Siku mtoto wako akiugua, au ng'ombe wako akianguka na kuvunjika mguu, watatazamana na kutaja neno moja, chira, ile laana ya mtu aliyekiuka utaratibu, nawe hutakuwa na la kujibu. Nimeyacheka mambo haya mara nyingi nikiwa mjini na wenzangu, soda mkononi. Nikifika langoni kwa Baba nilikuwa siyacheki tena.

Ndugu yangu alikuwa na kichwa chepesi, na hapo ndipo shida yetu ilipoanzia. Alimaliza shule akiwa amefaulu vizuri kuliko mtoto yeyote wa upande wetu, na miaka ile ya themanini ilipokuwa bado michanga akapata nafasi ya kusoma Marekani. Alikuwa hajajenga simba. Nani angemwambia ajenge, naye likizo zote alikuwa na vitabu? Mimi na yeye tulilala kitanda kimoja katika chumba kilichokuwa nyuma ya jiko la Mama, yeye upande wa ukuta, mimi upande wa kuanguka.

Kila alfajiri ya shule Mama aligonga bati la mlango kwa kidole kimoja na kusema, "Oyawore." Hiyo ndiyo salamu yetu ya asubuhi, ni kama kusema kumekucha salama. Ndugu yangu alikuwa anaketi kitandani akiwa bado amefumba macho, anajibu salamu, halafu anatafuta viatu kwa miguu sakafuni, huku na huku, mpaka avipate. Mimi nilikuwa navisukuma mbali makusudi. Sijui kwa nini katika yote niliyoyaona kwake hicho ndicho nilichobaki nacho, ile miguu ikipapasa gizani.

Aliondoka kwa treni ya jioni kutoka Kisumu. Baba alikuwa mtu wa reli, kazi yake ilikuwa pale pale stesheni, na alikuwa na saa ya mfukoni aliyoiamini kuliko jua. Alizoea kusema kwamba jua ni la wakulima. Ukoo mzima ulikuja, na Mama akampa mkebe wa njugu za kukaanga, akamwambia asiwape watu wa Nairobi. Ndugu yangu akasema atakaa miaka minne tu, na Baba akatazama saa yake kana kwamba miaka minne ingeonekana humo. Sweta yake ya shule ilibaki nyumbani, ya bluu, imetoboka kiwiko. Mama aliniletea niishone, maana wakati huo nilikuwa nimeanza kujifunza cherehani.

Miaka minne ikapita, ikaja mingine. Alipata kazi, akapata mke wa huko huko, na karatasi zake zikawa na matatizo. Akitoka, alisema, huenda wasimruhusu kurudi ndani. Kila mwaka alisema mwaka ujao. Sikumlaumu kwa hilo, au tuseme nilimlaumu na kumwelewa kwa pamoja, jambo ambalo linachosha zaidi ya kulaumu peke yake. Nilimkumbuka ndugu yangu mpaka nikamchukia, kisha zawadi ikifika nikamkumbuka upya.

Maana vitu vilikuja, siwezi kusema uongo. Baba alipata miwani, akaanza kuiona tena saa yake bila kuiweka puani. Dada zetu wawili walisomeshwa na yule ndugu ambaye hawakumjua sura vizuri. Na ilikuja redio kaseti, imebebwa na mtu wa Gem aliyekuwa anarudi nyumbani, ikiwa na kaseti ndani na sauti ya ndugu yangu ndani ya kaseti. Mama aliisikiliza amesimama. Ilipokwisha akasema, "Mgeuzeni." Kana kwamba tumemlaza upande mbaya.

Tangu hapo tukaacha barua, tukawa tunatumiana kaseti. Baba alibonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja, kwa uangalifu wa mtu wa reli, na Mama akaanza. Sikuzote alianza kwa "Oyawore," hata kama ni saa kumi jioni, kwa sababu ndivyo alivyozoea kumwamsha. Kisha akauliza, "Huko kumekucha?" Halafu akanyamaza. Kaseti inazunguka, sisi tunamwashiria aendelee, yeye ametulia anaitazama redio.

"Mama, hiyo haijibu," nilimwambia.

"Najua haijibu, mimi si mtoto. Lakini unauliza mtu swali halafu unaendelea kuongea tu? Hiyo ni tabia gani?"

Basi katika kaseti zetu zote kuna ule ukimya baada ya swali lake. Ndugu yangu alituambia baadaye, kwa kaseti yake mwenyewe, kwamba hapo ndipo alipopenda kuliko pote. Alisema katika ule ukimya anasikia kuku, anasikia upepo wa ziwa kwenye mabati, na mimi nikikohoa. Alisema anaurudia kabla ya kwenda kazini. Niliposikia hivyo nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya choo, maana sikutaka Baba aone uso wangu.

Wakati huo nilikuwa fundi kamili. Nilipanga chumba katika mtaa wa Manyatta, mjini Kisumu, na cherehani yangu ilikaa kwenye veranda ya duka moja, na huko ndiko alikokuja binti mmoja wa Awasi kufupishiwa sketi. Ilikuwa sketi ambayo haikuhitaji kufupishwa. Alirudi tena na blauzi isiyokuwa na kosa lolote, nami nikaelewa. Nilipokwenda kwao, baba yake, mzee mwenye shamba la miwa na macho ya kupima watu, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kijana, simba unayo?" akauliza.

"Bado, Mzee."

"Sasa huyu msichana yangu utalaza wapi? Juu ya cherehani?"

Nikarudi nyumbani nimeiva kwa hasira. Nilimkuta Baba anafuta miwani yake. Nikamwambia aniruhusu nijenge, mambo mengine tutayaona mbele ya safari.

"Mkubwa yako ako hai?" Baba aliuliza.

"Yuko hai, Baba. Si hiyo miwani ni yake?"

"Basi kama ako hai hatuwezi kujenga juu ya kichwa yake."

Tukarekodi kaseti. Jibu lilikuja baada ya muda mrefu, na ndugu yangu ndani yake alikuwa anacheka. Jengeni tu, alisema, hayo ni mambo ya zamani, mimi sina neno. Mimi niliruka kwa furaha. Baba aliirudisha nyuma akaisikiliza tena, akaizima.

"Hajakubali na hajakataa," akasema. "Amecheka. Nyumba haijengwi na kicheko."

Ikabidi tumtumie nyingine, ya kumweleza ile ya kwanza ilivyokosea. Alitakiwa aseme kama mtu aliyesimama hapa kwenye udongo. Na yeye, lazima nimsifu, alielewa. Kaseti ya pili ilipofika hakukuwa na kicheko ndani. Alizungumza lugha ya nyumbani polepole, akitafuta maneno, akasema kwamba yeye ni mwana wa kwanza wa boma hili, na kwamba leo anasimamisha nguzo yake kuliani mwa lango, na ndugu yake anayemfuata asimamishe yake baadaye bila hofu.

Siku ya kujenga, redio iliwekwa juu ya kigoda pale pale kwenye shimo la nguzo ya kwanza, na Mama akaifunga ile sweta ya bluu kwenye nguzo, mikono yake mbele kama mtu aliyejikumbatia kwa baridi. Baba mdogo, ambaye hakuna shughuli aliyowahi kuiacha ipite bila kuipinga, alisimama na kofia yake kichwani. Akasema sauti si mtu. Akauliza, je, kesho tutaoza binti kwa redio, tutazika kwa redio?

Baba akabonyeza kitufe. Sasa, sisi katika pirikapirika za kupika na kukata nyasi, hakuna aliyekumbuka betri. Zilikuwa zimechoka. Sauti ya ndugu yangu ikatoka nzito na ya polepole mno, ikijikokota kutoka neno mpaka neno, sauti ya mzee wa miaka themanini. Nilitaka kukimbia kuzima. Nilimtazama Baba mdogo na kumwona ameivua kofia.

"Hiyo ni sauti ya baba yetu," akasema taratibu. "Marehemu mwenyewe. Amekuja na yeye."

Wazee wote wakaitikia, na nguzo ikasimamishwa kwa heshima kubwa. Mpaka leo sijawahi kuwaambia kwamba zilikuwa betri, na nadhani Baba alijua, kwa sababu jioni alinipa pesa za betri mpya.

Simba ya ndugu yangu ilikwisha siku hiyo hiyo, kama inavyotakiwa. Baadaye nikajenga yangu upande wa pili wa lango, nikamleta binti wa Awasi, tukapata mtoto, tukapata mwingine. Lakini nyumba ya ndugu yangu ilibaki tupu. Mama aliiwekea kitanda chenye godoro ambalo hakulitoa kwenye nailoni yake, na meza ndogo yenye kitambaa alichofuma mwenyewe. Kila Jumamosi alikwenda kukandika sakafu kwa samadi, akaifagia, akafungua dirisha, akalifunga. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka humo hata jembe.

Nilipotaka sasa kutoka na kuanzisha boma langu, maana simba ilikuwa imetubana hadi tunageuka kwa zamu, Baba akaketi nami nje. Hakuwa mtu mgumu, nataka lieleweke hilo. Alikuwa mtu wa ratiba. Alisema ndugu yako hatakuja kujenga boma hapa, tusidanganyane, basi hilo nitakusamehe. Lakini nyumba ambayo mwenyewe hajawahi kulala ndani yake si nyumba, ni banda, na mwana wa kwanza mwenye banda ni sawa na mtu ambaye bado hajatokea.

"Akuje alale usiku moja," akasema. "Usiku moja peke yake. Akiamka, wewe toka, na mimi mwenyewe nitakubebea moto."

Ndivyo nilivyoanza kuungoja ule usiku.

Siku hizi lipo neno lake, utandawazi, na watoto wangu wameliandikia insha shuleni, faida huku na hasara huku. Sisi hatukuwa na neno. Sisi tulikuwa na ndugu yangu, na baadaye tukawa na mitumba. Mabunda yalipoanza kumwagika soko la Kibuye miaka ile ya tisini, wateja wangu walinihama wote kwa pamoja, hata mchungaji aliyeagiza suti alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata. Sikuwalaumu sana. Nani ataningoja wiki mbili wakati lipo koti la Kizungu la bei ya sahani ya chakula? Lakini nilikasirika, nikakaa siku nzima natukana mabunda, mpaka mke wangu akaniuliza kama matusi yanashonwa. Basi nikajifunza kazi mpya, ya kupunguza. Watu wa huko ni wakubwa, suruali moja ya mtu wao ilitoa mbili za watoto wa mtaa wa Obunga, zikabaki na mifuko ya ziada.

Na mifukoni ndimo nilimoanza kuupoteza muda wangu. Kabla sijatia mkasi nilikuwa naingiza mkono. Nilipata vifungo, nikapata sarafu yao moja, nikapata tiketi ya basi iliyofuliwa ikawa laini kama kitambaa. Nilikuwa najua ni upumbavu. Nchi ile ina watu wangapi, na kwa nini suruali ya ndugu yangu ije Manyatta kwenye veranda yangu? Lakini lilikuja koti moja la kijivu ambalo begani lilikuwa limechakaa upande mmoja, upande ule ule ambao yeye alibebea mfuko wa shule, nikashindwa kulikata. Nililitundika nyuma yangu wiki nzima. Mwishowe nikaliuza, kwa sababu watoto walikuwa wanakula.

Ndiyo maana ile insha ya watoto ilinishinda kuwasaidia. Ningemweka ndugu yangu upande gani?

Alikuja mwaka ule gugu maji lilipofunika ziwa, mashua zikakwama kwenye majani umbali wa kurusha jiwe kutoka ufukweni. Karatasi zake zilikuwa zimenyooka. Taarifa ilipofika, Mama aliitoa ile nailoni kwenye godoro, akaikunja, akaihifadhi. Baba akaipeleka saa yake kusafishwa. Mke wangu, bila kuniambia, akaanza kufunga sufuria zetu kwenye gunia.

Halafu nikaenda kumpokea Kisumu, na hapo hapo, tumetoka tu kushikana, akaniambia kwamba amechukua chumba hotelini. Alikuja na mwanawe, mtoto wa kama miaka sita, mwembamba, mwenye kifua kibaya. Usiku huwa anavuta pumzi kwa mashine, na mashine inataka umeme, nasi nyumbani tulikuwa na taa ya mafuta. Wangekuja kesho yake asubuhi, wakashinda nasi, jioni warudi Kisumu, na siku inayofuata waondoke. Hakuwa anaringa. Ilikuwa afadhali kama angekuwa anaringa, ningepata pa kumshika.

Wakaja kwa gari la kukodi. Alikuwa amenenepa, na nywele zilianza kumkimbia. Mama hakulia. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakizungusha huku na huku, akakiangalia mpaka nyuma ya masikio, kama alivyotukagua zamani tukitoka kuoga ziwani. Mtoto alilitazama ziwa lililojaa kijani, akauliza kwa Kiingereza ni nani amelima shamba kubwa hivyo, na tukacheka, na ilikuwa vizuri kucheka.

Tulikula mapema. Mama alikuwa amepata ngege wawili kwa taabu, kwa sababu ya gugu na kwa sababu samaki wazuri wa wakati huo walikuwa wanapitia mlango wa kiwanda kwenda kuliwa na watu tusiowajua. Ndugu yangu alikula kwa mkono, polepole, akitoa miiba mmoja mmoja. Akamaliza kichwa chote. Mama alihesabu hilo kuwa ushindi.

Nilimvuta nje, nikamsimamisha kati ya simba zetu mbili.

"Lala hapa leo," nikamwambia. "Mtoto nitampeleka mimi hotelini, nitalala mlangoni kwake kama mbwa. Wewe lala."

"Omera, ndugu yangu, hawezi. Hajui mtu yeyote. Akishikwa na kifua akinitafuta akikosa, je?"

"Usiku mmoja. Mimi nimengoja hapa mpaka watoto wangu wamenifikia begani."

"Unafikiri sitaki?" Akafuta macho kwa kiganja. Yalikuwa mekundu. "Nimechoka, bwana. Kwetu saa hizi ni usiku wa manane."

Alisema kwetu. Alilisikia yeye mwenyewe likimtoka, na mimi nikaliona likimrudia usoni. Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni, nina hasira ya karibu mimi, kila mtu anajua. Lakini alikuwa ameshageuka, ameinama, ameingia kwenye simba yake kwa mara ya kwanza. Alisema anakaa kidogo tu.

Nilipochungulia alikuwa ameketi kwenye godoro, anapapasa ukuta. Akavua saa yake ya mkononi, akaiweka juu ya kile kitambaa. Akajilaza na viatu vyake. Hakumaliza hata kupandisha miguu, usingizi ukamchukua.

Mama akaja akamvua viatu, akavipanga chini ya kitanda. Akaleta ile sweta ya bluu, akamfunika nayo, ikamfika nusu ya kifua. Baba akaingia nyuma yake kwa kunyata, akaiona saa mezani, akaichukua, akatoka nayo juani. Akavaa miwani vizuri. Akatoa na yake ya mfukoni, akaziweka mbili kiganjani, akazitazama kwa muda, mtu wa reli anayekagua treni mbili zinazotakiwa kupishana.

"Yangu inasema ni saa tano ya asubuhi," akasema. "Hii yake hajageuza. Hii inasema ni saa tisa." Akaniangalia. "Na huko kwake saa tisa hii ni ya mchana ama ya usiku?"

"Ya usiku, Baba. Amesema mwenyewe."

Baba akarudi ndani, akafunga dirisha. Akatoka, akavuta mlango, nyumba ikawa giza.

"Amelala usiku," akatangaza.

"Usiku gani na jua liko hapa kichwani?" Baba mdogo akadakia.

"Usiku yake. Mwenye kulala ni nani, ni sisi ama ni yeye?"

Baba mdogo akazitazama zile saa mbili, kisha akaenda kutafuta pa kukaa. Sikuwahi kumwona akishindwa hivyo, si kabla wala baada.

Kisha Mama akaweka kigoda chake mbele ya mlango na boma zima likawa usiku. Waliokuwa wanatwanga waliambiwa waache. Jirani alitumiwa ujumbe azime redio. Watoto wangu walipelekwa ziwani, na yule wa ndugu yangu akapanda mapajani kwa Mama bila kuitwa, naye akalala, kifua chake kikipiga filimbi ndogo. Kuku wakisogea Mama alikuwa anawarushia punje za mahindi, mbali, ili waende kudonoa huko. Tukakaa. Nilisikia upepo kwenye mabati. Nilisikia ndugu yangu akikoroma upande wa pili wa ukuta, nikakohoa, na nilipokohoa nikatambua kwamba huu ndio ule ukimya wa kwenye kaseti zetu, na safari hii yeye alikuwa ndani yake pamoja nasi. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, wala huzuni ya namna ile, na zilikuja pamoja.

Yaliyofuata niyamalize haraka. Jioni walirudi hotelini, na kesho yake wakaondoka. Baba alinibebea moto kama alivyoahidi, mimi na jogoo na shoka vya kufungulia boma jipya, mke wangu na magunia yake ya sufuria, tukapanda mteremko, na boma langu liko huko mpaka leo. Ndugu yangu hakurudi Mama akiwa hai. Ile simba Mama aliendelea kuikandika kila Jumamosi mpaka magoti yalipomkataa.

Lakini mchana ule, ilipofika saa nane, Baba alitazama saa ya ndugu yangu akamwonyesha Mama kwa kidole. Ilikuwa inasema saa kumi na mbili. Alfajiri. Mama akanipa mtoto nimshike, akainuka, akajinyoosha leso. Akagonga mlango kwa kidole kimoja.

"Oyawore," akasema.

Ndani kukawa kimya. Mama hakuendelea kuongea. Alikuwa amesalimia, akangoja.

"Oyawore, Mama," ndugu yangu akajibu, kwa sauti ya usingizi.

Nilisukuma mlango. Alikuwa ameketi kitandani, amefumba macho, sweta mapajani, anatafuta viatu kwa miguu sakafuni, huku na huku. Nikapiga magoti, nikamsogezea.